Zima na Nusu

Kuna tusi linalouma kwa sababu ni uongo, na kuna linalouma zaidi kwa sababu limekatwa vizuri, likamkaa mtu kama shati la kupimiwa. Fundi Nguma wa Magongo, Changamwe, alivishwa la namna hii ya pili mwezi wa Agosti mwaka 1988, na aliyemletea hakujua amebeba nini.

Alikuwa jirani yake, Odhiambo, mtu wa mzaha. Alifika kibandani asubuhi na redio yake kwapani, akaiweka juu ya meza ya kazi katikati ya waya na bisibisi, akasema, "Fundi, hii redio yangu utanirudishia nzima ama nusu?"

Nguma akamuuliza nusu ya nini. Odhiambo akacheka mpaka akashika ubao wa dirisha. Akasema yeye hajui sana, amesikia tu kwa Justus, wanayefanya naye zamu moja kazini, na Justus ndiye mpiga ngoma wa Timbwani Jazz kule Likoni. Likoni nzima, alisema, Nguma haitwi tena Fundi Nguma. Anaitwa Fundi Nusu. Ukimpelekea gitaa lenye sauti, nusu anakula yeye, nusu anakurudishia.

Nguma alilaza bisibisi mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai. Akataka kujua nani aliyesema. Odhiambo, ambaye sasa alianza kuona kwamba mzaha wake umeingia mahali pabaya, akaeleza kwa sauti ya chini. Bendi ilikwenda kujaribiwa na hoteli moja ya watalii upande wa kusini. Ilikuwa wapewe mkataba wa mwaka mzima. Gitaa la Matano, mpigaji wao, likalia kama mbu ndani ya kopo, meneja akawashukuru kwa kufika, mkataba ukapewa bendi nyingine. Matano alipotoka nje akasema mbele ya watu wote kwamba fundi wa Changamwe amelifungua gitaa lake, akachomoa kifaa ndani, akakiuza.

"Akakiuza," Nguma akarudia.

"Ndivyo Justus alivyosema, fundi. Mimi sijui."

Msomaji asiyejua kazi hii anaweza kuona kuwa hilo ni neno dogo. Si dogo. Miaka ile mtu alikuwa akimwachia fundi redio yake huku moyo unamdunda, maana alijua hadithi za redio zilizoingia kwa fundi na spika ya Kijapani zikatoka na spika ya karatasi. Nguma alikuwa ameishi miaka kumi na tisa akipigana na hadithi hiyo. Kila kipuri kibovu alichokitoa alikifunga kwa gazeti na kumrudishia mwenyewe, hata kama ni kipande cha waya kilichoungua, na mwenyewe akatia sahihi daftarini kwamba amekipokea. Mafundi wenzake walimcheka. Wanawake wa Magongo waliokuwa hawamwamini fundi yeyote waliwaambia waume zao, peleka kwa Nguma. Jina hilo ndilo lililokuwa mali yake. Sasa mtu mmoja wa Likoni amelikata katikati.

Na kulikuwa na jambo jingine lililomchoma, ambalo hakumwambia Odhiambo. Nguma alishuka kutoka Kaloleni akiwa kijana wa kubeba magunia, hajui a wala be. Alijifunza kusoma ukubwani, katika masomo ya jioni, kwenye ukumbi wenye taa moja. Mwalimu wake wa Kiswahili alikuwa Mwalimu Faki, mtu wa ukoo wa zamani wa Mvita, mwenye kofia safi na ulimi mkali, aliyeamini kwamba lugha ile wameazimwa watu wa bara na hawaitunzi. Jioni moja Nguma aliandika katika insha yake, "Nilikula yai nzima." Mwalimu Faki aliisoma sentensi hiyo kwa sauti mbele ya darasa lote la watu wazima, wapagazi na wapishi, akauliza kama huko Kaloleni mayai yana ngeli yake. Darasa likacheka. Kisha akaandika ubaoni: yai zima, jicho zima, shoka zima. Nguma hakucheka wala hakulia. Alirudi nyumbani akalikariri somo hilo mpaka likawa damu yake, na tangu siku hiyo hakuna mtu, wa Mvita wala wa wapi, aliyewahi kumkosoa Kiswahili chake tena. Mwito wa "Mgiriama hajui", waliokuwa wakiitiwa watu wa kwao, aliufukia huko. Na sasa, Fundi Nusu.

Gitaa lenyewe aliletewa mwezi wa Mei. Lilikuwa gitaa jekundu la umeme, limechubuka ukingoni, lakini mbao zake nzuri. Lalamiko la Matano lilikuwa moja: linazimika. Katika arusi moja Mtongwe, bibi arusi anatolewa, watu wamesimama, gitaa lilinyamaza kama limezibwa mdomo, na wanawake wakamzomea Matano mpaka akatamani ardhi impasukie. Nguma alipofungua kibao cha mbele akakuta uchafu wa fundi aliyetangulia. Volyumu ya gitaa, yaani kile kidude cha kuzungusha ili kuongeza na kupunguza sauti, ilikuwa imeng'olewa, na mahali pake pamelehemiwa volyumu ya redio ndogo, ile ambayo ukiirudisha hadi mwisho inalia tiki na kuzima. Mpigaji akipunguza sauti kidogo kupita kiasi, tiki, gitaa limekufa. Tena ukinzani wake ulikuwa ohm elfu kumi, na gitaa lile lilitaka laki tano. Ilikuwa kama kumtobolea mtu ndoo kisha ukamlaumu hajui kuteka maji.

Siku hiyo pia Nguma alikasirika. Aliwahi kusema kwamba fundi mbaya ni mbaya kuliko mwizi, kwa sababu mwizi haachi kitu nyumbani kwako ukidhani ni chako.

Hakutaka kurudisha tu ilivyokuwa zamani. Alitaka gitaa litoke kwake likiwa bora kuliko lilivyotoka kiwandani. Alikuwa amesoma katika jarida la ufundi juu ya volyumu yenye swichi tumboni mwake. Ukiizungusha, ni volyumu. Ukiivuta juu au ukiibonyeza chini, ni swichi, na haizimi kitu usichotaka kukizima. Pikapu ya gitaa lile, ile sumaku inayosikiliza nyuzi, ilikuwa na koili mbili, yaani misokoto ya waya mwembamba, zilizolala ubavu kwa ubavu. Zikifanya kazi zote mbili, sauti ni nene na nzito. Ukiinyamazisha moja, sauti inakuwa nyembamba na kali, ya kufuatishia mwimbaji. Kwa volyumu ya namna hiyo Matano angekuwa na magitaa mawili katika moja. Nguma aliandika barua Uingereza kwa Kiingereza, kamusi ikiwa wazi kando, na akangoja wiki saba. Kifurushi kilipofika alikifungua kwa wembe, asichane hata karatasi.

Kazi ile aliifanya kama mtu anayeswali. Alisafisha risasi ya kulehemia ya zamani yote, akapima kila waya, akalehemu, akapima tena, akalijaribu kwenye amplifaya yake mwenyewe, na sauti iliyotoka ikamfanya akae chini. Mwisho akaona kwamba kitu kipya kinahitaji maelezo. Kibao cha gitaa kilikuwa cha plastiki nyeusi, nyeupe chini yake. Akachukua sindano, akachora kando ya nobu, kile kishikio cha volyumu, mshale wa kwenda chini na mshale wa kwenda juu, na penye kila mshale akaandika neno moja, kwa kuwa nafasi ilikuwa ya neno moja. Gitaa zima; nusu gitaa. Penye mshale wa chini aliandika ZIMA, na penye mshale wa juu akaandika NUSU. Herufi zilikuwa zimenyooka kama za kupiga chapa.

Siku Matano alipokuja kulichukua, umeme ulikuwa umekatika Magongo tangu alfajiri, kwa hiyo hawakulisikiliza pamoja. Nguma alimweleza kwa mdomo, akionyesha kwa kidole. "Ukibonyeza, zima. Ukivuta, nusu." Matano akasema amefahamu, akashukuru sana, akatia sahihi daftarini, akapokea vipuri vyake vya zamani ndani ya gazeti, akaenda zake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi iliyozaa tusi.

Odhiambo alipoondoka, Nguma alifunga kibanda, akatia katika mkoba bisibisi, mita ya umeme, chuma cha kulehemu na daftari lake. Sidi, mkewe, alimkuta mlangoni na kumwambia apoe kwanza, habari ya ng'ambo husikiwa na sikio moja tu. Nguma akasema masikio yake yote mawili yanatosha. Sidi alimjua. Akamwambia, "Basi nenda. Lakini usimtukane mtu kwao."

Njia nzima alikuwa akitengeneza maneno. Kwenye feri alisimama peke yake penye ukuta wa chuma, akayapanga kama anavyopanga vipuri mezani, makubwa nyuma, madogo mbele. Angeanza na daftari. Kisha angelifungua gitaa mbele ya mashahidi na kuhesabu kila kitu kilichomo. Kisha angemwambia Matano, kwa Kiswahili ambacho hata Mwalimu Faki asingekipatia doa, kwamba mtu anayemsingizia mwenziwe wizi huwa ameuonja wizi huo ulimini mwake. Alilipenda neno hilo la mwisho. Alilirudia mara tatu kabla feri haijagusa Likoni.

Lakini Likoni ina adabu zake, na hasira haipewi nafasi ya kupita mbele ya adabu. Barazani kwa Matano alikuwa amekaa shangazi yake, Bi Mwanamkasi, mama wa Kidigo aliyepita makamo, akisuka ukili wa mkeka. Vyombo vya muziki vilisikika uani, kwa kuwa bendi ilikuwa ikifanya mazoezi mchana ule. Nguma alitaka kupita moja kwa moja. Mguu wake ukakataa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu kitako. Watokea wapi na jua hili?"

Alisema anatoka Changamwe. Bi Mwanamkasi akauliza kama Changamwe hawajambo. Hawajambo. Mama watoto ni mzima? Mzima. Watoto nao wazima? Wazima. Na yeye mwenyewe je, ni mzima? Nguma, ambaye tangu asubuhi alikuwa akihisi kama mtu aliyepasuliwa kwa shoka, alijibu kwamba ni mzima, alhamdulillahi, ingawa yeye ni Mkristo. Kwa mama wa namna ile neno lilijitokea lenyewe. Akaletewa gilasi ya maji. Akayanywa yote, maana kuyaacha kungekuwa tusi jingine. Ndipo Bi Mwanamkasi akaweka ukili pajani na kusema, "Sasa sema lililokuleta, maana uso wako umefika hapa kabla yako."

Akasema amekuja kwa Matano, kwa ajili ya jina lake. Mama yule akamwita mpwawe.

Matano alitoka na gitaa shingoni. Alikuwa mtu mrefu wa miaka thelathini na kitu, na alipomwona mgeni ni nani, uso ukamkauka. Justus akatoka nyuma yake, akamwona Nguma, akaanza kuangalia miguu yake mwenyewe. Ruwa, mpiga besi, akaja kusimama mlangoni akitafuna kitu. Majirani wawili watatu wakasogea, kwa kuwa ugomvi hauhitaji tangazo.

Nguma alianza na daftari kama alivyopanga. Alilifungua kwenye ukurasa wa Matano, akasoma tarehe, akasoma orodha ya vipuri, akasoma jina la mpokeaji, na kumwuliza kama hiyo si sahihi yake. Matano akasema ni yake. Alipokea takataka zilizofungwa kwa gazeti, akasema, lakini mtu anaweza kurudishiwa takataka na bado akaibiwa kitu kizuri.

"Umesema nimeiba."

"Nimesema nimepeleka gitaa zima, nimerudishiwa nusu. Kama hilo jina lake si wizi, nipe jina lake wewe uliyesoma."

Watu wakanong'ona. Neno "uliyesoma" lilimgonga Nguma pale pale lilipokusudiwa. Maneno yote aliyoyapanga kwenye feri yakamchanganyikia. Akasema lileteni hilo gitaa hapa mkekani.

Hakuna aliyemsaidia, na hakutaka msaada. Alilegeza nyuzi, uzi mmoja ukamchoma kidole, akafuta damu kwenye suruali, akafungua skrubu moja moja na kuzipanga kwa mstari mkekani. Akainua kibao. Kazi yake ilikuwa pale, safi, risasi inang'aa, waya umepindwa vizuri kwenye kona. Akatoa mita. Akamwita Ruwa aje asome sindano ya mita mwenyewe, asije mtu akasema ameisoma fundi. Ruwa akainama, akasema koili hii elfu nne. Nguma akahamisha waya. Koili ile elfu nne na kitu.

"Ngapi hizo?" Nguma akauliza.

"Mbili," akasema Ruwa.

"Lilikuwa na ngapi?"

Ruwa akamtazama Matano, kisha akasema kwamba hajui zilikuwa ngapi, lakini mahali pa tatu hapaoni.

Hapo hasira ya Nguma ikapata kiti cha kukalia. Akainua macho na kusema polepole kwamba mwizi aliyeiba gitaani ameacha kila kitu, na amelehemu vizuri zaidi kuliko alivyokuta, na angependa kuonyeshwa mwizi mwingine wa namna hiyo katika wilaya hii. Mtu mmoja akacheka. Justus akaanza kusema kwamba yeye alisikia tu.

Lakini Matano naye alikuwa na hasira yake, na haikuwa ndogo. Akapiga hatua mbele akasema vifaa vipo, sawa, amekubali vipo. Sauti ndiyo haipo. Alisimama mbele ya meneja wa hoteli na bendi yake, Ruwa na wenziwe wamevaa mashati mapya yaliyoshonwa na dada zao, na wimbo wa kwanza tu yule meneja akaweka kidole sikioni na kukitikisa, akidhani sikio lake ndilo lililoziba. Mwaka mzima wa kazi, kila Ijumaa na Jumamosi, umekwenda kwa watu wa mjini. Vifaa vipo vimelala tu? Basi fundi amevilaza.

 Nguma alifunga kibao, akarudisha skrubu, akakaza nyuzi, akaomba waya wa amplifaya uletwe hapo barazani. Alitaka watu wasikie. Gitaa likaunganishwa. Matano akapiga uzi mmoja, na kweli sauti ikatoka nyembamba, kali, bila tumbo. Bi Mwanamkasi akakunja uso.

"Hilo ni nusu," akasema Nguma. "Nani amekwambia upige na nusu?" Akanyoosha mkono abonyeze nobu.

Nobu haikushuka. Akainama karibu. Chini ya nobu, pale inapoingia kwenye kibao, mtu alikuwa ameviringisha uzi mweupe wa kushonea, raundi nyingi, ukakazwa na kufungwa fundo.

"Nani amefunga uzi huu?"

"Mimi," akasema Matano.

"Wa nini?"

"Isije ikabonyea."

Nguma akatoa wembe mfukoni. Matano akamshika mkono. Si kwa ugomvi. Alimshika kama mtu anayemzuia mwenziwe asikanyage shimo. "Usibonyeze, fundi. Utalizima."

"Zima ndilo ninalolitaka," akasema Nguma kwa ukali.

"Kwa nini ulizime? Watu wanataka kusikia."

"Nisikilize, bwana. Chini ni zima. Juu ni nusu. Nilikwambia kwa mdomo wangu, na nimekuandikia."

"Ndiyo uliniambia, na mimi nimeshika vile vile ulivyoniambia. Chini zima, juu nusu." Matano alisema hayo kwa sauti ya mtu aliyechoka kueleza jambo lililo wazi. "Sasa nakuuliza mimi. Lote liko wapi?"

 Nguma alikuwa bado ana wembe mkononi. Alitazama herufi zake alizozichora kwa sindano, nne chini na nne juu, zimenyooka, na kwa mara ya kwanza akazisoma kama angezisoma mtu aliyesimama mbele ya redio na kidole chake kwenye swichi. ZIMA.

Ruwa alikuwa wa kwanza kufahamu. Aligeuka akaweka paji la uso wake kwenye mwimo wa mlango na mabega yake yakaanza kutikisika. Justus akafuata. Bi Mwanamkasi akauliza kuna nini, wakamwambia, naye akasema, "Laa ilaha," akaufunika mdomo kwa ukili.

Nguma alikata uzi na kubonyeza nobu. Akampa Matano ishara. Matano akapiga uzi ule ule, na baraza likajaa. Sauti ilitoka nene, yenye kifua, ikagonga mbao za dari, na kuku waliokuwa uani wakatawanyika. Matano hakupiga uzi wa pili. Alisimama akisikiliza ule wa kwanza mpaka ulipokwisha. Kisha akamtazama Nguma, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwezi mzima nimeogopa kidude hiki," akasema. "Kila nikikumbuka ile arusi, naongeza uzi. Fundi, umenizimia mwaka mzima."

Nguma alikuwa na jibu. Jibu lilikuwa tayari, sahihi, halina doa. Gitaa, magitaa. Gitaa zima, kama yai zima, jicho zima, shoka zima. Neno halikukosewa, angeweza kulipeleka mbele ya mwalimu yeyote wa pwani hii. Na akalisema. Alilisema lote, kwa sauti ya juu, na ngeli yake, na mifano yake, barazani kwa watu, jasho likimtoka, na kadiri alivyozidi kusema ndivyo alivyozidi kusikia kicheko cha darasa lile la zamani, ila safari hii hakukuwa na mtu aliyecheka. Walikuwa wakimsikiliza kwa heshima. Hilo lilikuwa baya zaidi.

Alipomaliza, Bi Mwanamkasi akasema, "Ni kweli, mwanangu. Ndivyo lisemwavyo. Hata mimi ningesema hivyo." Akavuta ukili kidogo. "Na hata mimi ningefunga uzi."

Hasira haikumtoka Nguma. Ilibaki pale pale kifuani, moto ule ule, ila haikuwa na mtu wa kumwendea. Aliielekeza kwa Matano, ikakataa kwenda. Kwa Justus haikuona maana. Ikamrudia yeye mwenyewe, na huko ikakaa. Alifungua mkoba, akatafuta sindano. Akapiga goti mkekani, akaliweka gitaa pajani. Mbele ya Z, baina ya herufi na nobu, palikuwa na nafasi finyu ambayo mtu angeweza kupitisha punje ya mchele. Alichora hapo herufi moja, akishikilia kiganja kwa mkono wa pili kisiteleze. Ilitoka imebanwa na imeinama upande, kama mgeni aliyekuja kikao kimekwisha kujaa. NZIMA.

"Sasa inasomeka sauti nzima," akasema bila kuinua kichwa. "Sauti nzima, nusu sauti. Neno la kwanza lilikuwa sahihi. Hili pia ni sahihi."

Matano alilitazama. Akaelewa kwamba hiyo ndiyo pole atakayoipata, wala hatapata nyingine. Akakohoa, akawageukia wenziwe na majirani, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mwizi Nguma hakuwa, na kwamba yeye Matano alimkosea kwa hilo, na Justus aliyepeleka neno la kwanza mpaka Changamwe apeleke na hili la pili kwa miguu ile ile. Kuhusu hoteli hakusema kitu.  Mtu aliyezimiwa mwaka hawashiwi kwa herufi moja. Nguma akampa mkono. Walishikana bila kutazamana sana.

Bi Mwanamkasi alitaka abaki ale. Alikataa mara mbili, mara ya tatu adabu ikamkalisha. Alikula akisikiliza bendi ikipiga uani, na gitaa lilikuwa na sauti aliyoisikia siku ile kibandani kwake, iliyomkalisha chini.

Justus alifanya kazi yake vizuri kuliko alivyotumwa. Haikupita wiki, Magongo yote ilikuwa imepata habari ya gitaa, uzi mweupe na herufi iliyosahauliwa. Wateja walirudi. Daftari likajaa sahihi kama zamani. Nguma alikuwa ameinama mezani akilehemu redio ya mtu, Odhiambo alipokuja kuchukua yake; akiwa bado mbali, akamwita kwa sauti ya kuwafikia majirani wote.

"Fundi Nzima!"

Nguma aliinua kichwa. Fundi Nusu lilikuwa tusi, lakini lilikuwa Kiswahili. Hili lilikuwa sifa, na lilimkera kuliko lile tusi. Miaka yote ile, ukumbi ule wenye taa moja, mayai yale, yote yamewekwa mezani pake na mtu mwenye nia njema na kicheko. Akaweka chini chuma cha kulehemu, akamnyooshea Odhiambo kidole.

"Mzima," akasema, akilikata neno herufi kwa herufi. "Mzima. Fundi ni mtu."

Odhiambo akafika mezani, akampa mkono kwa furaha. "Mzima kabisa, fundi, Mungu ni mwema. Na mama watoto? Watoto?"

Nguma alisimama na mkono wake ndani ya mkono wa Odhiambo.  Moshi wa risasi ulikuwa bado unapanda mezani.

"Wazima," akasema, akamtolea redio yake.